Siku 18 au saa tatu: barua za Alaska zilivyopanda ndege

Alaska ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilihesabu umbali kwa siku. Reli iliyotoka bandari ya Seward, iliyokamilika mwaka 1923, iliishia Fairbanks. Kutoka hapo, mito ikishaganda na meli zikishakwama, barua zilikwenda kwa sleji za kukokotwa na mbwa. Kandokando ya njia zilijengwa nyumba za wageni, zikiachana kwa takriban mwendo wa siku moja ili watu na mbwa wapate pa kulala. Kufika McGrath, kituo cha biashara kwenye Mto Kuskokwim, barua ilichukua siku 18 hivi.

Tarehe 21 Februari 1924, Carl Ben Eielson aliondoka Fairbanks na mzigo huohuo, akafika McGrath kabla saa tatu hazijatimia. Eielson alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Fairbanks, aliyejifunza urubani jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndege yake, DH-4 ya enzi za vita hivyo, ilifungwa skii badala ya magurudumu, na rubani aliketi mahali pasipo paa, baridi yote ikimpiga usoni. Wakati wa kurudi giza lilimkuta angani, akapotea njia. Wenyeji wa Fairbanks waliwasha moto mkubwa wa kumwongoza, naye akatua kwa kishindo kilichoiharibu ndege.

Safari zilikuwa nane tu. Baada ya ajali nyingine, Idara ya Posta ilivunja mkataba wa kubeba barua kwa ndege, na barua zikarudi kwa mbwa.

Ndiyo maana dondakoo ilipozuka katika mji wa Nome mnamo Januari 1925, mbio za kupeleka dawa hazikuwa za ndege. Zilikuwapo ndege Fairbanks, lakini zilikuwa zimefunguliwa vipandevipande kusubiri kiangazi, na Eielson mwenyewe hakuwapo Alaska. Gavana Scott Bone akachagua mbwa. Dawa ilipelekwa kwa treni hadi Nenana, kisha waendesha sleji 20 wakapokezana kwa kilomita 1,085, wakifika Nome alfajiri ya tarehe 2 Februari baada ya saa 127 na nusu. Kwa kawaida posta ilihitaji siku 25 hivi kumaliza njia hiyo.

Kiangazi cha mwaka huohuo, rubani Noel Wien alirusha ndege aina ya Fokker kutoka Fairbanks hadi Nome. Abiria walikaa ndani ya chumba kilichofunikwa. Rubani bado alikaa nje. Mwaka 1927 Wien akaanzisha huduma ya kudumu kati ya miji hiyo. Aprili 1928, Eielson na mvumbuzi Hubert Wilkins waliruka kutoka Point Barrow hadi visiwa vya Spitsbergen, kaskazini mwa Norway, kwa saa 20 na dakika chache. Mwaka uliofuata, Eielson alikufa katika ajali huko Siberia, akiifuata meli iliyokwama barafuni.

Mbwa hawakuondolewa mara moja. Savoonga, katika Kisiwa cha St. Lawrence, waliendelea kubeba barua hadi mwaka 1963. Miaka kumi baadaye yakaanza mashindano ya sleji za mbwa ya Iditarod kutoka Anchorage hadi Nome, ambayo washindi wa siku hizi huyamaliza kwa siku nane hadi kumi. Ndege ya abiria kati ya miji hiyo miwili huchukua kama saa moja na nusu, na barabara ya kuiunganisha haijajengwa hadi leo.