Goma bila gari: bisi, moto na chukudu
Hapa Goma wengi wetu hatuna gari. Kutoka Ndosho ao Mugunga kwenda Birere, mutu anapanda bisi ao moto, asipokuwa na franka anakwenda na miguu. Chukudu, ile kinga ya mbao isiyo na pedali, haibebe sana watu: inashusha makala, viazi na kabichi kutoka Kibumba, na ndiyo iliwekewa sanamu mjini, si moto. Habari za kilio na za bei tunazipatia ndani ya bisi. Tangu benki zifungwe Januari 2025, ugomvi ni juu ya noti: mutu wa moto anakataa ile iliyopasuka, na mama anaendelea na miguu, kitunga kichwani.