Umeme wa Ruzizi, bomba la Nyamianda

Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, marais watatu walitia sahihi mkataba wa kuunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu: Mobutu wa Zaire (Kongo ya leo), Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi. Micombero hakumaliza hata miezi miwili. Mwanajeshi mwenzake, Bagaza, alimpindua tarehe 1 Novemba. Jumuiya yenyewe, ambayo wengi wetu tunaijua kwa ufupisho wa Kifaransa, CEPGL, iliuzidi umri wa utawala wa wote watatu, ingawa kuna miaka ambayo haikustahili kuitwa hai.

Kati ya matunda yake, lililofika hadi mitaa kama Nyamianda ya mji wa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ni umeme. Kutoka Ziwa Kivu hadi Ziwa Tanganyika mto Ruzizi unashuka karibu mita 700, na Wabelgiji walikwisha kujenga bwawa la kwanza karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950. La pili, Ruzizi II, ni mali ya nchi zote tatu kupitia shirika la SINELAC. Lilikamilika mwaka 1989, likiwa na uwezo wa megawati zipatazo 44, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na fedha za Ulaya. Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Oktoba 1996 vita vikaiangusha Uvira. Mikutano ya marais wa jumuiya ikasimama. Mitambo iliendelea kuzunguka, mafundi wa nchi zilizokuwa zikipigana wakigawana umeme uleule, hadi jumuiya ilipofufuliwa mwaka 2007. Kwangu mimi huo ndio ushirikiano wa maana zaidi uliowahi kuonekana katika bonde hili, na haukuhitaji hotuba.

Lakini umeme ukikatika Uvira, maji nayo hukatika. REGIDESO, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1939, huchota maji ya mto Mulongwe, huyasafisha na kuyasambaza kwa pampu. Pampu zikizima, akina mama na wasichana hubeba bidoni hadi ziwani au mtoni, na kipindupindu hakiko mbali. Watafiti wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London walilinganisha hesabu za maji yaliyozalishwa na orodha ya wagonjwa waliopokewa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu kati ya 2009 na 2014. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata. Kilichowashangaza wengi ni kwamba mitaa iliyozoea kupata maji ndiyo iliyoumia zaidi yalipokatika. Aliyezoea bomba hana akiba, wala hakumbuki kuchemsha.

Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Wakfu wa Veolia wakagharimia ukarabati wa mtandao wa maji. Kazi hiyo ilikuwa bado mkononi pale Mulongwe ilipofurika Aprili 2020, ikaua makumi ya watu, ikabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu miundombinu ya maji. Mwaka huohuo chanjo ya kipindupindu ilitolewa mjini. Chanjo inasaidia, ila kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Bomba lisilokauka halina tarehe ya kuisha.

Leo wakuu wanazungumzia Ruzizi III, bwawa kubwa kuliko yote mawili, likihusisha tena nchi zilezile tatu. Mkataba wa aina hiyo hueleza kwa kina mgawanyo wa megawati na ratiba ya kulipa madeni. Wawakilishi wetu wadai kiongezwe kifungu kimoja: laini ya umeme ya pampu za Uvira isikatwe, na wa kuwajibika ikikatwa atajwe.