Kasri la Amboise na Mateka Wake

Katika makasri yote waliyoyajenga wafalme wa Ufaransa kandokando ya mto Loire, sioni linalostahiki kuzuriwa na msomaji wa pwani yetu kuliko lile la Amboise, lililokaa juu ya jabali na mto ukipita chini yake, ijapokuwa sehemu kubwa ya majengo yake ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19.

Humo ndimo alimozaliwa Mfalme Charles VIII, ambaye aliporejea kutoka vita vya Italia, alivyovianza mwaka 1494, alikuja na mafundi hodari wa nchi ile, miongoni mwao mtaalamu wa bustani Pacello da Mercogliano, na bustani iliyotandazwa juu ya jabali lile yahesabiwa kuwa katika za mwanzo za mtindo wa Kitaliani nchini Ufaransa. Mfalme hakuifaidi sana: mwaka 1498, umri wake miaka 27, alijigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa kasri lake mwenyewe, akafa baada ya saa chache. Baadaye François I alimkaribisha Leonardo da Vinci, aliyeishi jirani na kasri hata alipofariki mwaka 1519, na wageni wengi huja kulizuru kanisa dogo linalosemekana kuhifadhi mifupa yake.

Lakini bustani ile ina makaburi mengine. Amiri Abdulkadir wa Algeria, baada ya kuwapiga vita Wafaransa miaka 15, alisalimu amri Desemba 1847 kwa ahadi ya kupelekwa Iskandaria au Akka, na ahadi hiyo, iliyotolewa na majemadari kwa niaba ya dola kubwa, ikavunjwa. Akafungwa yeye na mama yake, wakeze, wanawe na wafuasi wake, na tangu 1848 hata 1852 kasri lile la anasa likawa gereza lao. Humo walifia wengi, watoto miongoni mwao, wakazikwa bustanini, mbali na kwao. Hiyo ni dhuluma, na fahari ya majengo haiifuti. Naye Amiri, alipokwisha kuachiwa na kuhamia Dameski, aliwaokoa Wakristo kwa maelfu katika machafuko ya mwaka 1860.

Tangu 2005 yamesimamishwa pale mawe 25 ya ukumbusho, kazi ya msanii wa Kialgeria Rachid Koraïchi. Msomaji, ukijaaliwa kufika Amboise, usitoke bustanini kabla ya kuwasomea Fatiha.