Mtambo wa simu uliokubali kugawanywa

Mwaka 1976, katika mji wa Södertälje karibu na Stockholm, Wasweden waliwasha mtambo wa simu ulioitwa AXE. Mteja aliyenyanyua simu nyumbani kwake hakuona tofauti kubwa. Jipya lilikuwa ndani, katika namna mtambo ulivyopangwa, na mpango ule ndio uliofungua njia ya mitandao tunayoitumia leo.

Kazi ya mtambo wa simu ni kumuunganisha apigaye na apigiwaye. Zamani kazi hiyo ilifanywa na opereta aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka na kuchomoa waya. Mwaka 1891 Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa na biashara ya mazishi Kansas City, alipata hataza ya mtambo unaojiunganisha wenyewe. Husimuliwa kwamba alikuwa amechoka na opereta aliyewapeleka wateja wake kwa mshindani. Mitambo ya aina yake, ya chuma, yenye kugonga na kuzunguka, ilitumika kwa miongo mingi.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1965, huko Succasunna, New Jersey, kampuni ya Bell iliwasha mtambo wa 1ESS, ulioongozwa na programu. Mafundi waliondokewa na mzigo wa kusafisha vyuma, wakatwikwa mwingine: programu yenyewe. Kampuni ya Ericsson ya Sweden iliujua mzigo huo kupitia mtambo wake wa AKE. Programu yake ilikuwa imefungamana kiasi kwamba kurekebisha huduma moja kuliweza kuharibu nyingine isiyohusika kabisa.

Mwaka 1970 Ericsson na Televerket, shirika la simu la serikali ya Sweden, walianzisha kampuni ya pamoja ya utafiti, Ellemtel. Humo mhandisi Göran Hemdahl alikuja na wazo ambalo kwa maoni yangu linastahili kutajwa pamoja na uvumbuzi wa Strowger. Kazi za mtambo ziligawanywa katika moduli: ya kuhudumia laini ya mteja, ya kuchambua namba iliyopigwa, ya kuhesabu gharama. Kila moduli ilishika data zake, na moduli nyingine haikuruhusiwa kuzigusa. Zikihitajiana, hutumiana ujumbe. Ni kama wapangaji wa nyumba moja: ukitaka chumvi ya jirani unabisha hodi, huingii jikoni kwake.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1978, huko Turku, Finland, AXE ilipata kiini cha kidijitali cha kuunganishia sauti, bila mtambo mzima kubuniwa upya. Mwaka 1981 Saudi Arabia na Sweden zilipoanzisha simu za mkononi za mfumo wa NMT, mtambo ulioziunganisha ulikuwa AXE ile ile, iliyoongezewa moduli za kumfuatilia mteja anayetembea.

Hata hivyo, AXE ilikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo alikuwa nao mtengenezaji. Kichakato kilikuwa cha Ericsson, na lugha ya programu, PLEX, ilikuwa ya Ericsson. Washindani kama Siemens na Alcatel nao walishika ufunguo wa mitambo yao. Shirika la simu likishanunua mtambo, kila nyongeza lilirudi kuinunua kwa muuzaji yule yule. Kugawanya mtambo bila kufungua viwango vyake kulimfaa zaidi aliyeuunda kuliko aliyeununua.

Ufunguzi ulitoka upande wa intaneti. Mwaka 1999 ilitangazwa itifaki ya SIP, kazi ya Henning Schulzrinne, Mark Handley na wenzao. Inaeleza jinsi ya kuanzisha na kukata mazungumzo ya sauti au video, ujumbe wake ni maandishi yanayosomeka, na hati yake husomwa bure na yeyote. Mwaka uliofuata, jopo la 3GPP linaloandaa viwango vya simu za mkononi liliichagua SIP kuwa msingi wa IMS, mfumo unaobeba simu za 4G. Sasa sehemu inayotoa amri na sehemu inayobeba sauti ziliweza kununuliwa kwa watengenezaji tofauti na bado zikaelewana.

Mwaka huo huo wa 1999, kijana wa Alabama, Mark Spencer, alihitaji mtambo wa simu wa ofisi asioweza kuumudu. Akaandika wake, Asterisk, na kuutoa kama programu huria. Huendeshwa na kompyuta ya kawaida. Nao Ericsson, mwaka 1998, waliachia huru Erlang, lugha iliyobuniwa katika maabara yao na Joe Armstrong na wenzake, ambamo vipande vya programu havigusiani bali hutumiana ujumbe. Seva za WhatsApp zimejengwa kwa lugha hiyo.

Kampuni za simu za Afrika Mashariki na mamlaka zinazozisimamia zina nguvu ya kudai viwango huria katika kila zabuni, na zidai. Wewe unayesomea mawasiliano ya simu chuoni, usingoje mtambo wa mamilioni uletwe maabara: pakua Asterisk, soma hati ya SIP, unganisha simu mbili, kisha ufungue ujumbe mmoja mmoja uone zinavyosemezana.