Mbegu Iliyolala Miaka 2,000

Nilipomaliza mwaka wa pili nikitafuta kazi, shangazi alinitumia picha ya lotasi kwenye WhatsApp. Ua la waridi, maji meusi, na maneno: "Hata topeni hutoka ua. Vumilia." Alinitakia mema, najua. Lakini nilikuwa nimevumilia hadi soli za viatu zikaisha. Nikajiuliza, hili ua kweli hutoka kwa kuvumilia tu?

Ua lenyewe nililijua kwa sura. Katika maduka ya Wahindi mjini, picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema, humwonyesha juu ya lotasi. Wahindu na Wabudha hulipa heshima kwa sababu mizizi yake iko topeni ilhali lenyewe hutoka safi. Jani lake lina nta na vijinundu vidogo mno, kwa hivyo maji huviringika na kuondoka na vumbi. Wengi hulichanganya na yungiyungi. Jani la yungiyungi hulala juu ya maji na lina mpasuko. La lotasi ni duara zima, na likikomaa husimama juu ya maji.

Kisha nikasoma habari za Ohga Ichiro, mtaalamu wa mimea wa Japani. Mwaka 1951 nchi yake ilikuwa bado inajikwamua baada ya vita. Huko Kemigawa, Chiba, karibu na Tokyo, watu walikuwa wamechimba udongo mweusi wa mimea iliyooza zamani, ule unaowaka ukikauka, kwa sababu kuni na makaa yalikuwa haba. Humo ukatokea mtumbwi wa kale pamoja na mabaki ya lotasi. Ohga akaenda kutafuta mbegu, akisaidiwa na watu wa kujitolea na wanafunzi. Siku zikapita, hola. Tarehe 30 Machi, kazi ikikaribia kufungwa, msichana wa shule akaona mbegu moja. Aprili zikapatikana mbili zaidi.

Tatu tu! Mbili hazikufika mbali. Moja ikakua, na tarehe 18 Julai 1952 ikachanua. Ohga aliikadiria kuwa na miaka kama 2,000, akitegemea umri wa mtumbwi, na wapo waliombishia. Lakini baadaye Jane Shen-Miller, mtafiti wa California, aliotesha mbegu kutoka ziwa lililokauka China. Hiyo ilipimwa yenyewe: miaka kama 1,300.

Siri ni ganda. Ni gumu kiasi kwamba maji na hewa havipenyi. Ndani mbegu iko hai, lakini subira peke yake haiifungui. Lazima mtu achimbe, kisha akwaruze.

Mimi sikulijua hilo. Mbegu zangu za kwanza nilizitupa kwenye maji, nikangoja mwezi mzima, wapi! Ukitaka kujaribu, sugua ncha moja kwa msasa mpaka uone rangi ya maziwa chini ya ile kahawia, halafu acha hapo, usifikie kiini. Weka kwenye maji ya uvuguvugu, ubadilishe kila siku. Itavimba, na kwa kawaida huchipua ndani ya wiki moja au mbili. Ihamishie kwenye beseni lisilo na tundu, lenye udongo wa mfinyanzi na maji juu yake, mahali penye jua saa sita au zaidi kwa siku. Mwaka wa kwanza usidai ua.

Beseni langu liko juu ya paa la ploti. Jani la kwanza lilipotokea, dogo kama sarafu, nilimpigia picha shangazi. Chini yake nikaandika kile nilichokuwa nimeona haya kukiandika miaka miwili: "Shangazi, kuna mtu unayemjua anayetafuta mhasibu?"

Akajibu kabla sijashuka ngazi. "Kumbe ulikuwa unangoja nini? Tuma CV."