Kushikwa Si Kunyooka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kubuni na moyo wa kuzingatia.

Hapana mtu wa mwambao asiyepata kusikia habari za santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, sauti zao zikatiwa katika sahani, na sahani zile zikarudi kwetu zikasikika mabarazani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita bara ya Tanganyika akirekodi zeze na ilimba za Wagogo. Na mwaka 1961, huko Misri, Qur'ani nzima kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary ilitolewa katika sahani za santuri. Hitilafu ya wanavyuoni juu ya ala za muziki siingii leo. Haja yangu ni sahani yenyewe na maradhi yake.

Sahani za zamani zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ule ule wa kutengenezea lakiri. Zilikuwa ngumu, ila zikianguka huvunjika. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ndefu za vinili, nyepesi na zisizovunjika upesi. Lakini adui wa vinili ni joto. Tazama Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, penye bwawa lililojengwa mwaka 1957 na mashamba ya zabibu. Jua la uwanda ule mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, si la mchezo. Sahani ikisahauliwa dirishani huko hubenuka kama chapati juu ya chuma. Ukiipiga, sindano hupanda na kushuka mfano wa ngalawa katika mawimbi, na sauti huyumba.

Mafundi wakatafuta dawa. Katika miaka ya 1980 Luxman na Micro Seiki za Japani, na SOTA ya Marekani, waliuza santuri zenye pampu. Sinia linalozunguka lilizungushiwa ukingo laini wa mpira. Sahani ikiwekwa juu yake, pampu hufyonza hewa iliyo chini. Hapo hewa ya juu, ambayo sisi sote tumo ndani yake bila kuihisi, huilemea sahani ikalala sawasawa, na sindano ikapita kwa utulivu.

Sasa zingatia, ewe msomaji, mambo matatu. La kwanza, pampu haiponyi. Hewa ikirudishwa, sahani iliyopinda hurejea katika kupinda kwake. La pili, sharti sahani na sinia visafishwe kwanza, kwani vumbi lililobaki katikati hukandamizwa likaukwaruza uso wa sahani. La tatu, sahani ngumu ya kale usiilazimishe, maana huvunjika kabla ya kunyooka.

Je, hatuyaoni haya majumbani mwetu? Mtoto hukaa wima mbele ya mwalimu wake na fimbo yake. Chuo kikifungwa, hurudia upindo wake. Mtu mzima huswali kwa utulivu msikiti ukijaa, akiwa peke yake hudonoa kama kuku. Huyo ameshikwa, hajanyooka. Macho ya watu ndiyo hewa inayomlemea. Mzee naye akimkaripia mwanawe hali kifua chake kina vumbi la hasira, humkwaruza badala ya kumrekebisha. Na yupo aliyekwisha kuwa mgumu. Huyo hutakiwa upole na dua, si mkono mzito.

Simaanishi kwamba kushikwa hakuna faida. Sahani iliyoshikwa husomeka, na nidhamu humlinda mtoto mpaka akili impambaukie. Lakini lililo bora ni kuzuia. Ziweke sahani zako wima, kivulini, mahali pa baridi, zisilemeane. Na watoto nao uwalee katika kivuli cha huruma na mfano mwema, kabla jua la dunia halijawakunja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Mwenyezi Mungu atunyooshe kwa kumjua Yeye, tuwe sawa faraghani kama tulivyo hadharani. Amin.