Dume la Nyuki na Ndege Isiyo na Rubani

Maneno yana ukoo kama watu walivyo na ukoo. Kila neno lina wazazi wake, lina mahali lilipozaliwa, na lina kazi lilizofanya kabla ya kukutana nasi. Lakini aghalabu sisi hulikuta likiwa limekwisha kuvaa nguo mpya, tukalidhania kuwa limezaliwa jana. Hali hii yaonekana sana katika maneno ya Kiingereza yatumiwayo kwa vyombo vya kisasa na kwa biashara ya vyombo hivyo. Kijana wa shule huyasikia, huyakariri, pengine huyaogopa, akifikiri kuwa yametungwa na wataalamu kwa siri kubwa. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba sivyo. Mengi katika maneno hayo yametoka mzingani, bandani mwa vifaranga, jukwaani na katika hadithi za kale. Nikisha kukuonyesha hayo, nitakuomba ujizoeze kuuliza swali moja juu ya kila neno: nyuma yake yuko mtu gani?

Tuanze na neno "drone", ambalo siku hizi hutajwa kila mahali. Neno hili lilikuwamo katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na maana yake ilikuwa nyuki dume. Afugaye nyuki ajua tabia ya dume. Nyuki watendakazi ni majike. Wao ndio waendao mauani, wajengao masega na kulinda mlango wa mzinga. Dume hafanyi hata moja katika hayo. Hana mwiba wa kuchoma, wala hakusanyi chakula. Kazi yake ni moja tu, kupandana na malkia, na akifanikiwa hufa papo hapo. Wale wasiofanikiwa, katika nchi za baridi, hufukuzwa mzingani kabla ya majira ya baridi kuingia, maana watendakazi hawakubali kulisha wavivu wakati wa njaa. Ndiyo sababu Waingereza walimwita "drone" mtu mvivu aishiye kwa jasho la wenziwe. Kwetu mithali husema: fuata nyuki ule asali. Lakini amfuataye nyuki dume hujichosha bure.

Basi jina la mvivu liliwezaje kupanda angani?

Tangu Vita Vikuu vya Kwanza wanadamu walitamani ndege iendayo bila ya mtu ndani. Mwaka 1917 mhandisi Mwingereza, Archibald Low, alijaribu ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio. Mwaka 1918, katika mji wa Dayton nchini Marekani, Charles Kettering na wenziwe walirusha chombo kilichokusudiwa kubeba baruti, na chombo hicho kikaitwa "Bug", yaani mdudu. Vita vilikwisha kabla hakijatumika.

Katika miaka ya 1930 jeshi la Uingereza lilikuwa na shida nyingine. Wapigaji wa mizinga ya kutungulia ndege walihitaji shabaha ya kujifunzia. Kulenga kitambaa kinachokokotwa nyuma ya ndege hakulingani na kulenga ndege yenyewe, na hapana rubani awezaye kuombwa aruke mbele ya mizinga ili atunguliwe. Ndipo kampuni ya de Havilland ilipotengeneza ndege ya shabaha kwa kufuata mfano wa ndege yake ya mafunzo, Tiger Moth. Iliruka mwaka 1935. Aliyeiongoza alikuwa ardhini, mbele yake kisanduku chenye duara la namba kama lile la simu za zamani, na kila namba ilipeleka amri yake kwa redio: pinda kushoto, pinda kulia, panda, shuka. Ndege hiyo ikaitwa "Queen Bee", yaani malkia wa nyuki.

Admirali William Standley, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, alipata kuonyeshwa ndege hiyo huko Uingereza. Aliporudi kwao alitaka Marekani nayo iwe na vyombo vya namna hiyo, na mwaka 1936 kazi ikapewa ofisa aliyeitwa Delmar Fahrney. Wanahistoria wengi husema kwamba ni Fahrney aliyechagua neno "drone". Waingereza walikuwa na malkia. Wamarekani wakajichukulia dume. Fikiri, msomaji, jinsi jina lilivyofaa. Chombo hakikuwa na shauri lake mwenyewe. Kilinguruma angani kama nyuki, kilitii amri, na mwisho wake ulikuwa kufa katika kazi ile moja kiliyoumbiwa, yaani kupigwa mizinga.

Biashara nayo haikukawia kufika. Reginald Denny, Mwingereza aliyepata kuwa askari wa jeshi la anga katika Vita Vikuu vya Kwanza, alikuwa mchezaji wa sinema mjini Hollywood, naye alipenda mno ndege ndogo za kuchezea. Akafungua duka la kuziuza. Katika mchezo huo akapata wazo la kuwauzia askari shabaha irukayo, na pamoja na wenziwe akaanzisha kampuni ya Radioplane. Katika Vita Vikuu vya Pili kampuni hiyo ilitengeneza ndege za shabaha zikaribiazo 15,000. Msichana mmoja wa kiwandani, Norma Jeane, alipigwa picha kazini na mpiga picha wa jeshi. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Marilyn Monroe. Kwa hiyo hata ndege hiyo iliyosemwa kuwa haina mtu ilikuwa na alama za vidole vya wasichana katika kila ubao na kila waya.

Baada ya vita desturi ya kutumia majina ya wadudu haikuachwa. Ndege ya shabaha ya kampuni ya Ryan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1951, iliitwa "Firebee", nyuki wa moto. Ilipowekewa kamera na kutumwa kupiga picha wakati wa vita vya Vietnam, ikaitwa "Lightning Bug", yaani kimulimuli. Hapa kazi ilianza kugeuka: kile kilichokuwa kikitazamwa ili kipigwe, sasa ndicho kilichotazama. Katika miaka ya 1980 Abraham Karem, mhandisi aliyezaliwa Baghdad na kukulia Israeli, alijenga katika gereji ya nyumba yake huko California ndege nyepesi iwezayo kukaa angani kwa muda mrefu. Kampuni yake ilifilisika, kazi yake ikanunuliwa na wengine, na kutokana nayo ikapatikana ndege iliyoruka mwaka 1994 kwa jina la "Predator", yaani mnyama awindaye wanyama wengine. Mwaka 2001 ndege hiyo ilifungiwa makombora, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikapigana nchini Afghanistan. Dume lisilo na mwiba lilikuwa limepewa mwiba, na watu wakaendelea kuliita dume.

Sasa twafika mahali penye uzito. Kwa Kiingereza vyombo hivi huitwa pia "unmanned", neno lenye maana ya kutokuwa na mtu. Je, ni kweli? Ndani ya chombo hamna mtu, hapana shaka. Lakini yuko rubani aliyeketi chumbani, pengine upande wa pili wa dunia, akitazama kioo. Yuko mwenye kuelekeza kamera. Wako mafundi, wako wafasiri wa picha, yuko mkubwa atoaye amri, na juu yake yuko mtawala aliyeruhusu. Chini nako, mbele ya kamera, wako watu. Neno lisemalo kwamba hapana mtu huwafuta wote hawa kwa mara moja. Kombora likianguka juu ya nyumba ya wasio na hatia, husemwa kuwa "drone" imeua, kana kwamba nyuki ameondoka mzingani kwa hiari yake. Tangu lini upanga ukasimama mbele ya kadhi? Husimama aliyeushika.

Jambo la ajabu ni kwamba warushaji wenyewe hawakuyapenda majina hayo. Jeshi la anga la Marekani lilichagua kusema ndege inayoongozwa kutoka mbali, na shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga nalo lilikubali maneno ya namna hiyo. Maneno hayo ni marefu na hayana utamu wa asali, lakini humrudisha mtu mahali pake. Sheria ya Kenya nayo ilimtafuta mtu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2020 zilitaka chombo kisajiliwe, na mwenye kukirusha awe na ruhusa. Chombo hakiwezi kutozwa faini, mwenyewe aweza.

Usidhani, msomaji, kwamba nakilaumu chombo. Mwezi wa Oktoba 2016 kampuni ya Kimarekani iitwayo Zipline ilianza kupeleka damu kwa ndege hizi nchini Rwanda, kutoka kituo chake cha Muhanga. Rwanda ni nchi ya vilima elfu, na gari lenye kuzunguka vilima huchelewa. Mama atokwaye na damu baada ya kujifungua hawezi kulingoja. Ndege hufika juu ya hospitali, huangusha kifurushi kwa mwavuli, kisha hurudi ilikotoka. Hapa dume mvivu amekuwa mtendakazi hodari. Lakini hapa nako ni watu waliotoa damu, watu walioipima, na daktari aliyeiomba. Sifa, kama lawama, yahitaji mtu wa kumwendea.

Tutoke mzingani, tuingie sokoni. Katika mji wa Batavia, jimbo la New York, kiwanda kikubwa cha mashine za kilimo kilifungwa katika miaka ya 1950, na watu wengi wakakosa kazi. Mwaka 1959 Joseph Mancuso, ambaye jamaa zake walilinunua jengo hilo, alianza kuligawa na kulipangisha kwa biashara ndogo nyingi, akizisaidia kwa huduma na mashauri. Mmoja wa wapangaji alikuwa na biashara ya vifaranga. Mancuso akafanya mzaha, akaliita jengo lake "incubator", yaani mashine ya kuangulia mayai. Mzaha ukawa jina, na leo nyumba za kulea kampuni changa huitwa hivyo duniani kote. Wenzetu wa Tanzania huziita vituo atamizi, kwa sababu kuku huatamia mayai yake.

Tajiri aipaye kampuni changa fedha zake mwenyewe huitwa "angel", yaani malaika. Jina hilo lilitoka katika michezo ya jukwaani mjini New York, ambako matajiri walilipa gharama za mchezo usiojulikana kama utapendwa au utazomewa. Ni jina zuri, lakini kumbuka kwamba malaika huyu hutaka fungu lake la kampuni. Tena mwaka 2013 Aileen Lee, mwenye kazi ya kutia mitaji katika kampuni za California, alizihesabu kampuni changa za Marekani zilizofikia thamani ya dola bilioni 1, akaona ni 39 tu. Kwa uchache wao akaziita "unicorn", jina la farasi wa hadithi mwenye pembe moja katikati ya paji la uso. Katika miaka michache farasi hao wakawa mamia. Nawe ujue thamani hiyo ni nini. Wenye mitaji hununua sehemu ndogo ya kampuni, na kwa bei ya sehemu hiyo kampuni nzima hukadiriwa. Hiyo ni imani ya wanunuzi juu ya kesho. Siyo fedha iliyomo sandukuni. Farasi wa hadithi hakuwahi kufungwa bandani, na walioita kampuni zao kwa jina lake wangefaa kulikumbuka hilo.

Je, lugha yetu ilifanya tofauti? Hata kidogo. Wazee wetu walipoona chombo chenye mabawa kikivuka anga, wengine walikiita eropleni kwa kufuata ulimi wa Kiingereza, lakini jina lililoshinda ni ndege, jina la kiumbe wanayemjua. Aliyekiendesha waliita rubani, na neno hilo halikutoka angani. Rubani alikuwa mjuzi wa bahari, mtu ajuaye nyota, pepo na miamba. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, ni huko alikopata rubani wa kumvusha bahari mpaka India. Neno la Kiingereza "pilot" nalo lilianza chomboni baharini kabla ya kupanda angani. Mataifa mawili yasiyoshauriana yalifanya jambo moja: yalichukua neno la kale na kulipa kazi mpya.

Kwa hiyo usiyaogope maneno ya Kiingereza ya mambo haya, wala usiidharau lugha yako ukidhani haiyawezi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini usiamini neno kwa kuwa ni la kwetu. Sisi husema "ndege isiyo na rubani", na jina hilo lina kosa lile lile la Kiingereza, maana rubani yuko, ila yu mbali. Huyu ni mrithi wa yule wa Malindi, mtu aliyeshika roho za wengine mkononi mwake na aliyepaswa kujibu jahazi lilipopanda mwamba. Kulifuta jina lake ni kumwondolea heshima akifanya vema, na kumwondolea hesabu akifanya vibaya.

Siku moja wewe msomaji huenda ukarusha chombo hicho, ukakitengeneza, ukakiuza, au ukatunga sheria yake. Siku hiyo utakutana na maneno mapya ambayo mimi sijayasikia. Yapasue kama mtu apasuavyo nazi, uone lililomo ndani. Ukiambiwa kwamba hapana mtu, mtafute mtu; hutakosa kumwona.